Maharage ya Watu Wawili

Ijumaa, 3 Mei
Muuguzi kaja na mizani yake kwenye begi. Kilo hamsini na mbili! Kasema homa ya mapafu imeninyonya, na mwili haurudi kwa uji mtupu. Maharage, dengu, choroko, karanga, kila siku. Nikifika hamsini na tano, atanifuta kwenye daftari la wagonjwa anaowatembelea. Nilimtengea sahani. Kakataa, kama kawaida yake. Lakini kakaa dakika arobaini. Tangu mke wangu afariki, hakuna aliyekalia kiti kile ila paka.

Jumapili, 5 Mei
Kilo tatu tu, kisha kiti kitupu. Haiwezekani! Akili ni mali. Maharage yote nimewamwagia kuku wa jirani, fundi cherehani, kupitia juu ya ukuta. Mimi nimekunywa chai kavu. Njaa inauma. Upweke unauma zaidi.

Ijumaa, 10 Mei
Hamsini na moja! Furaha nimeificha kwa kikohozi. Muuguzi kauliza kama maharage nayaloweka na kuyapika mpaka yalainike. Nimeapa. Kakaa saa nzima.

Jumatatu, 13 Mei
Fundi cherehani anatamba mtaa mzima kwamba kuku wake wamenona kwa ufundi wake wa kufuga. Ufundi gani! Dengu zangu hizo. Nilitaka kumuumbua, nikameza mate. Ndicho kitu pekee nilichomeza leo.

Ijumaa, 17 Mei
Hamsini kamili. Muuguzi hakukaa. Kasema ameshindwa nami, atanikabidhi kwa mwenzake, bwana mmoja asiyependa maongezi. Mlangoni akageuka.
"Babu, mgonjwa wangu siruhusiwi kula kwake. Ungepona, ningekuja Jumapili kama mgeni. Hata mimi nakula peke yangu."
Nimembembeleza anipime mara moja tu, Ijumaa ijayo. Kakubali. Nimebaki na sahani mbili mpaka chakula kikapoa. Nimelia, sifichi.

Jumamosi, 18 Mei
Basi! Ujinga umekwisha. Nimechemsha sufuria nzima ya maharage, nikakaa mezani, nikashika kijiko. Hapo nikakumbuka: miaka thelathini nilikuwa fundi makufuli! Makufuli sita ya maghala bado ninayo sandukuni. Nimeyatia mifukoni, koti juu. Kilo tano na ushei, bila kutafuna hata punje.
Maharage nimewapa kuku. Jumapili ya tarehe 26 natenga sahani mbili.