Sentimita Ishirini na Nne Hadi kwa Mama Mkwe

Jumatatu, 9 Machi
Mama mkwe anarudi kutoka ng'ambo, alikokwenda kulea mjukuu. Anaondoka huko Alhamisi, saa nne asubuhi. Atatua hapa lini? Nyumba nzima haijui. Nafasi yangu hiyo. Miaka tisa ya ndoa, bado ananiita "yule". Dereva, mume wa shemeji yangu mkubwa, anaitwa "mwanangu". Kisa? Ndiye humpokea kila safari. Safari hii nampokea mimi.

Jumanne, 10 Machi
Nimechukua futi ya mke wangu ya kupimia nguo, nikapima ramani ya kalenda ya sebuleni. Sentimita ishirini na nne. Kilomita elfu kumi na mbili. Ndege inakwenda mia tisa kwa saa, basi ni saa kumi na tatu angani, anatua saa tano usiku kwa saa za huko. Mke wangu kashauri nimpigie mdogo wake aliyeko huko, nimuulize tu. Nikamjibu kwamba mwenye hesabu zake haombi msaada. Akaongeza kuwa saa za huko ziko nyuma ya zetu kwa saa saba. Nijumlishe au nitoe? Nimejumlisha, nikatoa, nikajumlisha tena. Kichwa kinagonga. Nimetoa. Atatua Alhamisi, saa kumi jioni.

Jumatano, 11 Machi
Dereva kaja kuniuliza. Nikamwambia Ijumaa, saa nane mchana. Nimeitunga palepale, natafuna karanga. Kashukuru, kaiandika kiganjani. Nimemwonea huruma kidogo.

Alhamisi, 12 Machi
Uwanja wa ndege tangu saa tisa. Nimenyoa, nimevaa koti la harusi. Saa kumi, Mama hayupo. Nikampigia, akapokea mwenyewe! Yuko kwenye foleni ya mizigo, hukohuko. Hajapanda ndege. Akauliza anaongea na nani. Yaani nimempokea mtu kabla hajaondoka. Basi ilikuwa kujumlisha. Kesho, saa kumi na mbili alfajiri.

Ijumaa, 13 Machi
Nimewahi. Saa kumi na mbili, moja, mbili, hadi sita. Wapi! Kumbe ndege ilitua mji wa njiani, ikakaa saa nane nzima. Ramani haikusema. Usingizi ukanichukua kwenye benchi. Kufumbua macho, saa nane mchana na ushei, Mama anapita na Dereva, anauliza, "Yule si yule?" Dereva kasema kweli tupu, kwamba saa alipewa na mimi. Mama alicheka akashika mbavu. Hakuna aliyesadiki, hata mke wangu. Imeniuma, sifichi.

Jumapili, 15 Machi
Kosa nimelipata. Ni futi. Imelegea kwa kupima viuno vya watu. Mwezi ujao anakuja baba mkwe, kutoka mji uleule. Nimenunua rula ya chuma. Tena ramani ikiwa imeangikwa, kutoka kule kuja kwetu ni mteremko, kwa hiyo ndege itakimbia zaidi. Dereva keshakuja kuniuliza saa. Hajifunzi mtu yule. Nimemtungia nyingine, mbali kabisa na ya kwangu.