Mota Iliyozunguka Kinyume Mbele ya Wakwe

Wenzangu wa ofisini, leo aibu imenikuta nyumbani kwangu, mchana mweupe, nikiwa nimefunga tai. Nawaandikia jioni hii hii ili kesho msiisikie kwa mtu mwingine, maana mtaa mzima wa Woodley unajua.

Mnaifahamu ile mashine yangu ya kukereza mbao, niliyoinunua mnadani Mzungu mmoja alipokuwa akirudi kwao. Njeri, msichana ninayetaka kumwoa, pia mnamfahamu. Baba yake, mwenye nyumba za kupangisha kule Waithaka, alikuwa amesema hatoi binti kwa karani anayejisifu eti ana kazi ya mikono. "Nataka kuona hiyo mashini na macho yangu." Basi ikapangwa waje leo baada ya kanisa, yeye na mkewe. Akiridhika, nitume wazee. Asiporidhika, nitafute mwingine. (Sitaki mwingine!)

Asubuhi nikabonyeza swichi nijaribu. Mota ikanguruma tu, mmmmm! Haizunguki. Nikatoa mkanda. Bado. Nikatia mafuta, nikaizungusha kwa mkono, ikawa nyepesi kabisa. Nikaipiga kofi. (Hata redio yangu husikia kofi.) Nikapiga magoti nikaomba. Mwisho nikakimbia hadi Dagoretti Corner, nyumbani kwa Opiyo, fundi wa mota.

"Kapasita imekufa," akasema kabla sijamaliza. "Hiyo ndiyo inasukuma mota ikianza. Na leo Sunday, duka zote zimefungwa."

"Nitafanya nini, ndugu yangu? Wakwe wako njiani!"

"Washa, halafu sukuma gurudumu na kidole. Itaenda. Lakini chunga! Upande utasukuma, ndio itaenda. Ukikosea itazunguka kinyume, na ile sahani ya chuma inashika mbao itajifungua yenyewe."

Nikarudi, nikajaribu. Ikakubali! Bakuli la mjakaranda nililokuwa nimelifunga pale likazunguka vizuri mpaka nikaanza kuimba.

Wakwe wakafika na Njeri wao. Sasa, mimi ni Mmaragoli. Kwetu mama mkwe hashikwi mkono, hasogelewi, hata usoni haangaliwi. Nikamwekea kiti chake mbali, karibu na mlango, nikawa nazungumza na viatu vyake. Mambo yalikuwa yananyooka.

Halafu nikajitia adabu nyingi. "Mzee, heshima ni yako. Wewe ndiye utaianzisha. Vuta hili gurudumu kuja upande wako."

Nikabonyeza swichi. Mzee akakunja mkono wa koti. Nikaona kidole chake kinakwenda upande usiofaa. Nilikiona! Lakini nani atamwambia baba mkwe, siku ya kwanza kumkaribisha, kwamba anakosea? Mzee akasukuma.

Mota ikashika kasi, kinyume. Sahani ikajifungua, bakuli likaruka, likagonga ukuta, likageuka na kunijia mimi. Na mimi, mwanamume mzima mwenye tai, nikapiga yowe, "Mamaaa!" nikakimbia kujificha. Nyuma ya nani? Nyuma ya mama mkwe! Nikamkumbatia kiunoni kwa mikono yote miwili, macho nimefumba.

Njeri akazima swichi. Majirani walikuwa wamejaa dirishani.

"Kijana," Mzee akasema, "uliona nikikosea?"

"Niliona, Mzee." (Nilikuwa bado nimemshika mkewe.)

"Na ukanyamaza?"

"Niliogopa, Mzee."

"Ngai! Huyo mama umeshika, nikikosea ananiambia hapo hapo. Na Njeri ni yeye mtupu. Ukiwa wa kuogopa kusema, hiyo nyumba utaiweza?"

Nikajua basi, nimemkosa Njeri. Machozi yalinilenga, siwafichi.

Ndipo nikahisi mama mkwe anatetemeka. Nikadhani analia. Kumbe ni kicheko! "Baba Njeri, wacha mtoto wa watu. Ni wewe umeharibu kazi yake. Wewe unaambiwa vuta, unasukuma." Kisha akanigeukia. "Na wewe niachilie basi, sitoroki."

Mzee akaliokota bakuli. Akaligeuza, akapitisha kidole ndani yake taratibu, akalinusa.

"Mkono anao," akamwambia mkewe, kana kwamba mimi sipo. Halafu akanitazama. "Kesho nunua hiyo kapasita. Jumamosi tuma wazee wako."

Jamani, nimefurahi mpaka nimesahau kula! Barua ya kwenda Maragoli nimeshaiandika, kila kitu nimewaeleza wazee. Isipokuwa kwamba mama mkwe nimeshamkumbatia, na hata ng'ombe mmoja wa mahari hajatoka. Atakayewaambia, harusini asije.