Kila Mwanafunzi na Vifaa Vyake

Jumatatu, 10 Februari 1992. Chula.

Siku ya pili kisiwani. Daftari hili ni la Jiografia. Nililibeba kutoka Kismayo ndani ya nguo. Ramani tatu tu zimechorwa, kurasa zilizobaki ni tupu. Naandika Kiswahili sanifu kwa ajili ya Baba, aliyeko Mombasa, ambaye hunirudishia barua zangu huku makosa yamezungushiwa wino mwekundu. Tukifika nitampa alisome. Kwa hiyo nasema kweli tupu.

Kweli ya kwanza: cherehani ya Mama iko chini ya bahari.

Watu wa bunduki waliingia kwetu mara mbili. Mara ya pili walichukua hadi masufuria. Cherehani ilipona kwa sababu Mama aliifukia kwenye kuni. Tukaivusha salama mpaka hapa. Jana, wakati wa kuishusha, nahodha aliyetuleta alitaka kuifunga kamba. Nikamwambia aniachie, najua fundo zuri, nililiona kwenye picha ya kitabu shuleni. Picha ilikuwa na hatua nne. Nakumbuka tatu.

Ilizama bila kelele.

Mama alirudi kubeba mizigo mingine. Afadhali angenigombeza! Alikuwa amepanga kushona tangu siku ya kwanza Mombasa, asikae kambi ya wakimbizi kungoja kipimo cha mahindi. Sasa hata neno cherehani halitaji. Anasema "ile".

Bimkubwa, mama yake Baba, aliniuliza ilianguka wapi. Nikamwonyesha: karibu na mwamba mweusi, mkabala na msikiti. Akatazama maji, akatazama mwezi, akasema, "Ngoja, kichu hakina miguu. Nusu ya Shaabani." (Baba angezungushia "kichu", aandike "kitu".) Nimepiga hesabu. Nusu ya Shaabani ni tarehe kumi na tisa hivi. Mashua ya Athmani, itakayotupeleka Mombasa, imevutwa nchi kavu inazibwa nyufa, na Athmani amesema itakuwa tayari baada ya wiki moja. Yaani tarehe kumi na saba. Tutakuwa tumeshaondoka! Bimkubwa ni mtu mwema lakini hakusoma hesabu.

Nitaitoa mwenyewe.

Jumanne, 11 Februari.

Neema imeshuka. Ami Zakir anafungua darasa la mbizi! Alikuwa mzamiaji wa kamba wakubwa huko Kismayo, na alipokimbia alibeba mtungi mmoja wa hewa na mdomo wake wa kupumulia. Anasema Mombasa kuna hoteli zinazoajiri wazamiaji, na kazi ya mikono hakuna atakayevunja mlango kuichukua. Wasichana asubuhi, wavulana jioni. Mtungi ni wa wote, ila miwani yake haazimi mtu. Kila mwanafunzi aje na vifaa vyake.

Hapo ndipo nitakapong'ara. Mimi ni mtu wa vifaa.

Miwani ya kufunika macho na pua: mpira wa ndani wa gurudumu la lori. Kioo: cha picha ya marehemu babu, ukutani kwa Bimkubwa. Picha bila kioo haina tofauti ukiitazama kutoka mlangoni. Nimejaribu. Cha kuzibia mapengo: pamba iliyochovywa sifa, yale mafuta ya papa ambayo Athmani anazibia mashua. Nimechukua gao moja tu, ujazo wa kiganja. Kama yanazuia maji yasiingie kwenye mashua, yatayazuia yasiingie kwenye uso. Mapezi ya miguuni: dumu la plastiki, nimelikata mara mbili na kulifunga kwenye kandambili.

Rawda, binti wa shangazi yangu, amezaliwa hapahapa Chula. Alipita akaniuliza kama nachinja lori. Ananiita Bi Daftari. Niliendelea kukata mpira.

Jumatano, 12 Februari.

Somo la kwanza. Tuko wanne: mimi, Rawda na wasichana wawili wa Burgao waliokimbilia hapa kama sisi. Mama aliniruhusu kwa sharti la suruali, gauni na leso juu yake. Leso hupanda juu majini ikafunika miwani. Nimeandika pembeni: tatizo la leso.

Rawda alikuja mikono mitupu. Nikainua mkono, nikamkumbusha Ami Zakir kanuni. Akamuuliza Rawda vifaa vyako viko wapi. Rawda akasema, macho yangu haya. Ami Zakir akafikiri, akasema macho ni yake kweli, hakuyaazima kwa mtu. Wakacheka wote. Sikuona cha kuchekesha.

Miwani yangu haikuvuja hata tone! Naandika hili kwa herufi kubwa moyoni. Tatizo dogo: sifa inanuka. Ndani ya miwani iliyoziba vizuri harufu haina pa kwenda. Niliinama majini, nikavuta pumzi moja ya papa aliyekufa mwaka jana, nikatapika. Kwa kuwa miwani haivuji, na matapishi yaliyopitia puani nayo hayakuwa na pa kwenda.

Ami Zakir alinipiga mgongoni akasema, mwanangu, maji hayajakufika magotini.

Alhamisi, 13 Februari.

Somo la pili. Maji yamejaa kila asubuhi na pale kwenye mwamba ni marefu kuliko mimi mara mbili. Mtu hafiki chini bila uzito. Ami Zakir ana mshipi wake wa vipande vya risasi, haazimi. Nikachukua mawe mawili ya mizani dukani kwa Mzamil, ya kilo mbili mbili. Nilimwambia ni ya masomo. Ni kweli.

Somo lilipokwisha nilikwenda mwambani, nikayafunga kiunoni kwa fundo langu.

Nilishuka vizuri sana. Nilikuwa nimeshaona mchanga. Halafu mawe yakaendelea na safari peke yao, na mimi nikarudi juu kama kifuu. Mawe yako karibu na cherehani, nakadiria. Sasa nina vitu vitatu vya kutoa. Rawda aliuliza kama nahamisha nyumba yetu kidogo kidogo.

Nadhani kosa ni la kamba.

Ijumaa, 14 Februari.

Hakuna somo. Watu waliotoka Kismayo asubuhi wamesema milio ya bunduki ilisikika hadi bandarini, na kuna wanaozunguka na boti kutafuta mashine za mashua. Athmani ameficha yake ndani ya banda la mbuzi. Mama alikaa uani, mikono juu ya mapaja, anasogeza vidole kana kwamba anasukuma kitambaa. Hakujua kwamba namwona.

Zimebaki siku tatu.

Mzamil amekuja kuuliza mawe yake. Nimemwambia masomo yanaendelea.

Jumamosi, 15 Februari.

Nimefanya jambo. Naliandika kama lilivyokuwa.

Leo ilikuwa zamu ya kila mmoja kuvuta hewa ya mtungi chini ya maji. Jana nilimwambia Ami Zakir kwamba kwenye mwamba mweusi nimeona kamba wakubwa, hivyo tufanyie somo hapo. Akakubali. Mtungi wenyewe ni mzito, unamshusha mtu. Amri ya Ami Zakir: pumzi kumi kila mtu, kisha juu. Hewa ni ile ile, Chula hakuna pa kuijaza.

Rawda alivuta kumi, akapanda. Wale wa Burgao hivyo hivyo. Ikafika zamu yangu. Nilihesabu kumi kwa Kiswahili. Sikuiona. Nikahesabu kumi kwa Kisomali. Nikaona jiwe moja la Mzamil. Nikahesabu kumi kwa Kiarabu, na hapo nikaiona! Imesimama wima, gurudumu juu, samaki wadogo wanaingia pale pa kupitisha uzi. Nikaikumbatia. Nikaivuta. Haikusogea. Nikarudia Kiswahili, kwa kuwa amri haikusema mara ngapi. Vuta, hesabu, vuta, hesabu. Hewa ikawa nzito, kisha ikakatika. Ami Zakir akanivuta mpaka juu.

Mtungi umekwisha. Darasa limekwisha. Ami Zakir hakunigombeza, alikaa tu ufukweni akiugonga mtungi kwa kidole na kuusikiliza. Jioni wavulana, waliokosa zamu yao, walikuja kunitazama, wamesimama mstari kama watu wa mazikoni.

Nilimwambia Mama kwamba nimeishika kwa mikono yangu. Akaniuliza, "Ile?" Nikasema ndiyo. Akageuka, akaenda kutwanga kitu ambacho kilikuwa kimeshatwangwa.

Jumatatu, 17 Februari.

Siku ya safari. Nilifunga mizigo yangu tangu alfajiri nikaenda ufukweni. Hakuna mtu! Mashua imetayarishwa, imekaa juu ya mchanga, na maji yako mbali nayo. Nikamuuliza Athmani kwa nini hatuondoki. Akaniuliza kama nitaibeba kichwani. Mashua iliyovutwa kwa maji makubwa, akasema, inashuka kwa maji makubwa. Mpaka bamvua, mwezi ukijaa. Nikauliza kwa nini hakuna aliyeniambia. Akasema, kwani kuna asiyejua?

Bimkubwa amegundua picha haina kioo. Alinusa miwani yangu, akainusa mara ya pili. Kisha akauliza kama babu yangu alinionyesha njia majini. Afadhali angenipiga.

Jumatano, 19 Februari.

Bamvua. Kumbe maji yanayojaa sana hupwa sana: saa nne asubuhi bahari haikuwepo! Imekwenda zake. Mwamba mweusi umesimama mkavu na wanawake wanatembea na fimbo za pweza pale nilipokuwa nikizama.

Bimkubwa alitangulia, Mama akafuata, mimi nyuma na miwani usoni ikiwa itahitajika. Maji yalitufika kiunoni. Bimkubwa alipapasa kwa mguu, akasimama. "Kichu chako hiki hapa, mwanangu." Mama akainama, akazama mpaka mabegani, akaiinua. Maji yakamiminika kila tundu. Akazungusha gurudumu. Likalia mchanga, likagoma. Akalishika tena. Likaenda nusu.

Mama alicheka, kisha akaipakata palepale majini akalia, na Bimkubwa akawaambia wanawake wengine watazame pweza wao.

Mawe ya Mzamil aliyaokota Rawda, kwa vidole vya miguu. Alinipa bila mzaha. Hilo nimelizungushia wino mwenyewe.

Alhamisi, 20 Februari.

Cherehani imelala ndani ya mafuta ya taa, ikapakwa ya nazi. Adhuhuri Mama alishona mstari mmoja kwenye gunia la unga. Umepinda, lakini ni mshono. Akasema, "Cherehani yangu." Amelitaja! Baadaye akaniita pembeni. Kwa sauti ya kawaida kabisa akasema, "Mwanatumu, kamba atafunga Athmani."

Nikasema ndiyo, Mama.

Kioo nimekirudisha. Babu sasa ananuka papa.

Ijumaa, 21 Februari. Baharini.

Tuliondoka alfajiri, maji yalipojaa. Bimkubwa amebaki. Anasema amezoea bahari inayomjua. Alinipa fimbo yake ya pweza, akaniambia hiki ndicho kifaa. Ami Zakir tuko naye, na mtungi mtupu. Ananisamehe kidogo kidogo, nadhani atamaliza tukifika Lamu. Nimemweleza kuhusu miwani mpya ya kuzibwa kwa nta. Hakujibu, maana yake anafikiria.

Tumepita Burgao. Mama amelala, ameegemea cherehani. Nimelikagua fundo la Athmani. Ni la kawaida mno, halina ustadi wowote, na mawimbi yanazidi. Kwa bahati, usiku nimekumbuka hatua ya nne.

Nimelifungua la kwake polepole, nikafunga langu.

Au hiyo ya nne ndiyo ilikuwa ya pili? Si neno. Hatua zote zimo.