Hasira za Zimwi Langu

Jumatatu, tarehe 3 Juni
Shangazi amesema maneno yamekwisha. Jumamosi nisiporudi na zawadi ya mashindano ya kupaka vinyago, meza inarudi kwa cherehani yake. Hapa mezani ndipo ninapopaka rangi viumbe vyangu vidogo vya kuchonga. Mahali pengine sina. Zimwi la mashindano ni refu kama kidole cha shahada. Mwili tayari, manyoya tayari. Uso bado mweupe kama unga.
Fundi Saa naye anashindana, ana joka. Ameniona nalo barabarani, akauliza zimwi langu linaumwa nini mbona limepauka. Jibu zuri lilinijia nyumbani, nimeshavua viatu.

Jumanne, tarehe 4
Uso unataka hasira. Nimejikasirikia kiooni. Nafanana na mtu aliyebanwa na haja. Hasira ninayoijua vizuri ni ya Shangazi. Basi nimemfichia miwani, nikakaa kona na brashi yangu ya nywele tatu. Alipofoka, nyusi ya kushoto ilipanda, ya kulia ikabaki chini. Kumbe! Nyusi nimepata.

Jumatano, tarehe 5
Leo zamu ya meno. Nimemtilia chumvi kwenye chai. Hakufoka. Amenishika paji la uso, akauliza nimempenda binti wa nani hata nachanganya chumvi na sukari. Huruma tupu. Zimwi na huruma wapi na wapi. Siku imepotea.

Alhamisi, tarehe 6
Nimepita na matope kwenye sakafu aliyotoka kuipiga deki. Nikarudia, maana mara ya kwanza sikuona magego. Mara ya pili nimeona mpaka kimeo. Rangi ya ufizi: nyekundu, nyeupe kidogo, tone la zambarau. Nimeoga matusi, nimefagia uwanja mzima. Nimeridhika.

Jumamosi, tarehe 8
Mashindano, kwenye duka la rangi. Joka la Fundi Saa lina magamba mia nne. Anamhesabia kila anayepita.
Jaji ni mwalimu wa uchoraji. Akaliinua zimwi langu, akauliza hasira hii nimeitoa wapi. Macho yakamkimbilia Shangazi, aliyekuja kushuhudia. Jaji akayafuata. Akamtazama Shangazi, akalitazama zimwi, akakohoa.
Shangazi akavaa miwani, akalishika. Akacheka mpaka akatafuta kiti. Akasema huyu ni wifi yake mtupu, yaani mama yangu, siku aliyokuja kudai sufuria.
Nimekuwa wa pili. Zawadi ni boksi la rangi. Fundi Saa wa kwanza, amenipa mkono, akasema zimwi limepona. Meza ni yangu.

Jumapili, tarehe 9
Nimeamka na amani. Shangazi ameliweka zimwi juu ya kabati, anawaambia wageni wamsalimie wifi. Mtu mwema kama huyu nilimchokoza wiki nzima. Nimeapa sirudii.
Mwakani nitapaka kibwengo aliyeshtuka. Ila mshtuko huwezi kuubuni, lazima uuone kwa macho. Nimenunua panya wa plastiki, nimemlaza ndani ya debe la unga. Brashi ninayo mkononi. Shangazi anakuja jikoni, anaimba.