Daktari wa Maembe

Mdomo Asali alikuwa nje ya ghala la maembe, akila embe la kuomba, ndipo alipoiona riziki yake. Mezani, mama mwenye ghala, ambaye wote walimwita Shangazi, alishika embe la mkulima, akalibonyeza, akalinusa kwenye kikonyo, akatamka: "Daraja la tatu." Mkulima akanywea. Alipotoa mguu tu, embe lilelile likahamia kreti ya daraja la kwanza.

"Kumbe!" Mdomo Asali akajisemea. "Hapa watu wanakula kwa kunyoosha kidole. Na mimi ninavyo kumi."

Kesho yake aliingia na koti jeupe, tochi, mhuri aliouchonga kwa soli ya kandambili, na uso wa mtu aliyesomea ng'ambo. Akapita kreti moja moja, akimulika na kuguna. Wanawake wanne waliokuwa wakichambua maembe wakaacha kazi wakimtazama.

"Pole sana, Shangazi," alisema kwa sauti ya msibani. "Kreti hizi arobaini za nyuma, zenye manjano isiyo na doa, zina funza. Haonekani kwa macho matupu."

"Funza! Yuko upande gani?"

"Upande wa ndani."

"Mungu wangu! Sasa nifanyeje, mwanangu?"

"Lazima yakateketezwe. Gari ninalo."

Alikuwa amejiandaa kwa ubishi wa saa nzima. Hata machozi ya akiba alikuwa nayo. Ajabu, Shangazi hakubisha. Alishika tama kidogo, kama adabu inavyotaka, kisha akasema, "Mtaalamu ni mtaalamu. Yachukue. Ila haya yanayobaki, niandikie kwamba ni safi, daraja la kwanza."

Ombi dogo hilo! Akaandika kurasa mbili, akagonga mhuri mara tatu, mmoja wa nyongeza kwa mapenzi tu. Wachambuzi wakampakilia wenyewe, nyuso chini. Mmoja mabega yalimtikisika. Mdomo Asali akadhani analia.

Saa sita mchana alikuwa jikoni kwenye hoteli kubwa, akiyamwagia sifa maembe yake. Mpishi mkuu alichukua kisu, akapasua moja. Nje manjano, ndani jeupe kama kiazi, na kokwa limezungukwa na weusi. Akapasua la pili, la tano, la kreti ya chini kabisa.

"Yameivishwa kwa dawa, yakaharibika," alisema. "Toa uchafu wako."

Dereva wa gari la kukodi, alipoona biashara imekufa, akamvua Mdomo Asali koti na tochi badala ya nauli.

Mdomo Asali akampigia Shangazi simu, sauti ikitetemeka kwa uchungu wa mtu mwaminifu.

"Shangazi, umenitapeli! Maembe yote mabovu!"

"Si wewe mwenyewe uliyesema ni mabovu, Daktari? Mimi sikusoma, niliamini tu. Tena Mungu akubariki, tangu juzi nilikuwa natafuta pa kuyatupa." Akakohoa kidogo. "Halafu mwanangu, mnunuzi ameipenda mno ile karatasi yako. Jumatatu una nafasi?"

Mdomo Asali akaupapasa mhuri wake mfukoni. Ulikuwa bado upo.

Jumatatu alikuwa wa kwanza kufika.