Hoteli ya Kumlisha Mumo

Jumatatu, 11 Agosti

Leo nimeanza kuandika. Daftari ni la Muema, la hesabu, lakini kurasa za nyuma ziko safi na shule zimefungwa. Mambo makubwa lazima yaandikwe.

Jambo lenyewe: Baba Muema amerudi kutoka kazini EPZ, kule kwa viwanda, na bahasha. Kiwanda kimempa tiketi kumi za Pundamilia Park kwa sababu mwaka mzima hakukosa kazi hata siku moja. Kumi! Nimelia kidogo. Akaniambia nisilie juu ya sukuma, iko na chumvi ya kutosha.

Hii Pundamilia Park iko upande wa Nairobi. Iko na treni ya watoto, gurudumu la kukupeleka juu mpaka uone kwenu, maji ya kuteleza, na hoteli tatu za kula. Tunaenda Jumamosi. Sisi wawili na watoto watatu, Muema, Nthenya na Mumo. Susu, yaani nyanya ya watoto, mama yake Baba Muema, kutoka Kola. Na shemeji yangu Muindi wa Syokimau, mke wake Ann, na wasichana wao wawili. Nimehesabu mara tatu. Ni kumi kweli.

Saa moja jioni Ann amepiga simu. Hata hakusalimia vizuri. Eti mambo ya hoteli nimwachie, yeye ndiye anajua hoteli za Nairobi. Anajua! Krismasi alitupeleka kwa hoteli ya viti virefu, chakula kikaja katikati ya sahani, kidogo kama dawa ya kupaka. Mumo wangu hakutia kitu mdomoni tangu asubuhi mpaka tukarudi Machakos. Mtoto wa miaka miwili na nusu! Alilegea kama nguo mbichi. Na Susu akasema mbele ya watu wote kwamba mtoto wa Mutheu hajafundishwa kula. Hayo maneno bado yako hapa, chini ya mbavu.

Kwa hivyo nimemwambia Ann asante sana, hoteli nishachagua.

Sijachagua.

Baadaye Susu naye amepiga. (Ann alikimbia kumwambia.) Amekata kesi. Mutheu achague. Mumo akila, kuchagua hoteli kwa hii familia ni kazi yangu milele. Asipokula, ni ya Ann, na mimi nitakuwa wa kubeba mikoba.

Mimi niliachia darasa la saba. Lakini kujua mahali mtoto atakula, hiyo hawafundishi shule.

Jumanne, 12 Agosti

Nimepiga simu hoteli zote tatu. Nimevaa viatu vya kanisa kwanza. Sauti yangu hutoka vizuri nikiwa na viatu.

Ya kwanza, msichana wa haraka. Nimeuliza wako na nini ya watoto. Akasema orodha ya chakula iko ukutani, kuna alama, unaipiga picha na simu inafunguka. Nikamwambia simu yangu ni ya kubonyeza. Akaniambia pole, kama mtu amepewa habari za msiba. Hoteli hiyo nimeikata.

Ya pili, muziki! Ulitoka kwa simu mpaka kuku wangu hapa nje wakatawanyika. Nimeikata pia.

Ya tatu inaitwa Jiko la Twiga. Mwanaume, jina lake Bartholomew. Nimemuuliza maswali yangu yote kumi na moja. Mfereji wa kunawa mtoto anaufikia? Kiti cha mtoto kiko na mshipi? Pilipili inakaa mbali na mikono midogo? Viazi ni vya leo ama vya jana? Choo ni hatua ngapi kutoka mezani? Hiyo ya choo hakujua. Akaniambia ningoje. Akaenda akahesabu, akarudi akihema: thelathini na mbili. Huyo ni mtu! Mwisho akasema karibuni sana mama, mtakuwa wageni wetu.

Jioni nimempigia Susu, nikamwambia mwenye hoteli, Bartholomew, ametualika. Yeye mwenyewe. Kwa jina.

Hiyo ni kuongeza kidogo. Lakini Susu akauliza, ametualika? Na sauti yake ilikuwa na heshima ndani. Miaka kumi nimeolewa hapa, naingoja hiyo sauti. Nikaongeza tena kidogo: kwamba hajalala vizuri akingoja kumuona yeye Susu.

Jumatano, 13 Agosti

Siku ya mazoezi.

Mumo ako na tabia mbaya ya kula, lazima niseme ukweli. Hapa nyumbani anakula kama askari, hilo halina shida. Lakini anakula akiwa ameketi mlangoni, sahani yake ya bluu juu ya magoti, kuku wamemzunguka. Kijiko kimoja chake, kijiko kimoja chao. Mtoto wa kwenda Pundamilia Park hawezi kula hivyo! Nimefukuza kuku. Nimefunga mlango. Nimemketisha kwa meza na uma.

Amefunga mdomo. Ni wasiwasi wa safari.

Mchana nimewapeleka wote watatu kwa hoteli moja hapa mjini, karibu na soko, wafanye mtihani. Nthenya amempa weita mkono na kumuuliza kama ameolewa. Muema amekula chakula chake, halafu cha Mumo, halafu akaniangalia mimi. Mumo amekaa chini ya meza. Weita ameuliza kama mtoto ni mgonjwa. Nimesema hapana, anafanya mtihani.

Lakini ameomba maji! Akanywa, mahali pa watu, kwa glasi. Nimeandika hapa: Mumo amepita nusu.

Alhamisi, 14 Agosti

Ann ametuma ujumbe kwa simu ya Baba Muema. Pundamilia Park hawakubali mtu kuingia na chakula cha nyumbani. Ameandika kwa herufi kubwa. Baba Muema amenisomea mara mbili, huku akiniangalia.

Anadhani nimepanga nini? Nimepanga, ndiyo, lakini amejuaje?

Mpango ni huu. Muthokoi, yale mahindi yaliyopondwa yakatolewa maganda na kupikwa na maharagwe, inaingia kwa thermos. Thermos inaingia kwa mkoba, chini ya nepi. Mumo aliacha nepi mwaka jana, kwa hivyo nimeomba tatu kwa jirani yangu Kalekye. Sahani ya bluu inakaa tumboni mwangu, nimeifunga na leso, gauni juu. Si eti siamini Jiko la Twiga. Naamini. Ni kujikinga tu.

Nimefanya mazoezi ya kutembea na sahani tumboni mpaka kwa duka na kurudi. Nimetembea vizuri sana. Hakuna aliyejua ni sahani.

Kalekye ameniona, akakumbuka zile nepi, akanikumbatia. Mpaka jioni watu wanne wamenipongeza. Baba Muema ameambiwa na mtu wa bodaboda stejini. Ameingia nyumbani polepole, akakaa, akauliza kama kuna kitu nataka kumwambia. Nimetoa sahani. Ameipokea, akaiangalia mbele na nyuma, akaenda kunawa.

Ijumaa, 15 Agosti

Tumefika kwa Ann, Syokimau, tulale hapa. Nyumba ni nzuri, siwezi kusema uongo. Zulia jeupe. Nimewavua watoto viatu nikiwa bado kwa ngazi.

Saa kumi Susu ameingia kutoka Kola. Gauni la Pasaka, kitambaa kipya kichwani, kiondo mkononi. Kwa kiondo kumetoka kichwa.

Kuku! Mtetea mwekundu, mnene, miguu imefungwa na kamba ya katani.

Ann ameuliza huyo ni wa nini. Susu amemwangalia kama mtu hakulelewa. Amesema tumealikwa na watu, ataingiaje kwa watu bila kitu mkononi? Kuku ni wa huyo mwenye hoteli, Bartholomew. Mtu ambaye hajalala akimngoja!

Baba Muema amegeuka kuniangalia. Muindi pia. Mimi nimeenda kuangalia kama maji yamechemka.

Ningesema ukweli wakati huo. Nilikuwa nimefungua mdomo kabisa. Lakini Susu akamwambia Ann kwamba wewe umekaa Nairobi miaka hii yote, nani amewahi kukualika? Mdomo ukajifunga wenyewe.

Kuku amelala kwa bafu ya Ann. Ile ya vigae. Naandika hii nikimsikia.

Jumamosi, 16 Agosti

Nitaandika yote, pole pole, maana ni siku ya heshima.

Kwa geti ya Pundamilia Park kuna soja anaitwa Mwanzia. Jina liko kifuani. Amefungua mkoba wangu, amepita nepi zote tatu moja kwa moja, akatoa thermos. Akaniambia mama, hii itakungoja hapa kwa kibanda. Wakati huo sahani ikateleza. Ilitoka chini ya gauni, ikagonga sakafu, ikajiviringisha mpaka kwa kiatu chake, naye akaiweka kibandani pia. Ann alicheka mpaka akashika ukuta.

Halafu Mwanzia akaona kiondo.

Akasema kuku hawezi kuingia, ni chakula. Susu akasema si chakula, ni zawadi, tena yuko hai. Mwanzia akasema mwaitu, yaani mama, mimi ni Mkamba kama wewe, lakini nitafutwa kazi. Susu akasema basi aitwe Bartholomew, aje achukue mgeni wake. Laini nyuma yetu ilikuwa imefika barabarani. Watoto wa watu wanauliza kama huyo kuku ni sehemu ya michezo.

Bartholomew akaitwa. Nikajifanya nafunga kiatu cha Mumo.

Amekuja mbio. Kijana mwembamba, aproni imelowa mpaka shingoni, povu kwa mikono. Akasema yeye huosha vyombo, na simu huishika wengine wakiwa na kazi. Hapo ardhi ingepasuka ningeshukuru. Susu akamuuliza kwa Kikamba kama yeye ndiye mwenye hoteli. Bartholomew akaniangalia. Nikamwangalia. Sijui aliona nini usoni mwangu. Akapangusa mikono, akasema, "Leo ni mimi, mwaitu."

Susu akampa kuku kwa mikono miwili, akamuombea watoto na mvua. Bartholomew akamkumbatia kuku kwa aproni. Baadaye akasema miaka minne kazini hajawahi kuletewa hata ndizi.

Kuku hakukubaliwa jikoni, kwa hivyo alifungwa kwa mguu wa kiti cha Mwanzia, ndani ya kibanda. Sisi tukaingia.

Jiko la Twiga ni kama nilivyochagua! Mfereji uko chini. Kiti kiko na mshipi. Viazi vya leo. Kitambaa cha meza kiko na twiga wadogo. Muema alikula. Nthenya alikula. Wasichana wa Ann walikula na kisu. Mumo akafunga mdomo.

Nilijaribu wali. Nilijaribu chipsi. Nilijaribu kuimba. Dakika arobaini! Susu alikuwa anaangalia dirishani, na hiyo ni mbaya kuliko akikuangalia. Ann alianza kuwaambia wasichana wake Krismasi atawapeleka wapi. Nilihisi ile mikoba yote imeshanining'inia begani.

Nikageuka kutafuta kijiko kidogo. Nikarudi, kiti ni tupu. Mshipi wazi.

Nilikimbia hatua thelathini na mbili mpaka choo. Hayuko. Nilikimbia kwa treni. Hayuko. Niliita jina lake mpaka gurudumu likasimamishwa. Ni Muema aliyenivuta mkono akaonyesha geti.

Mumo alikuwa ameketi kwa mlango wa kibanda. Sahani ya bluu juu ya magoti. Mwanzia alikuwa amefungua thermos yangu, eti alitaka kuhakikisha. Kijiko kimoja cha Mumo, kijiko kimoja cha kuku, kijiko kimoja cha Mwanzia. Mdomo wa mtoto umefunguka kama mlango wa kanisa.

Ann amefika akihema, viatu mkononi. Amesema hiyo haihesabiki, hicho ni chakula cha nyumbani, hoteli haijamlisha. Na alikuwa na haki, Mungu anisamehe. Lakini Bartholomew, aliyetoka mbio kumtafuta Mumo pia, alikuwa amesikia. Akarudi ndani. Akatokea na meza. Meza nzima, kichwani! Na kile kitambaa cha twiga, na sahani zetu zote. Akaipanga hapo hapo kwa geti, nao Susu na wengine wakamfuata. Mumo akala wali, akala chipsi, akaomba tena. Kila mara kimoja kwake, kimoja kwa kuku. Ann alikula akiwa ameketi juu ya kreti ya soda.

Ann alijaribu mara ya mwisho. Akasema hapa si hotelini, hapa ni getini. Susu akauliza kitambaa ni cha nani. Akauliza sahani ni za nani. Akasema basi hoteli iko hapa.

Halafu akaniwekea mkono kichwani mbele ya wote, hata Mwanzia. Akasema mtoto wa Mutheu anajua kula, na Mutheu anajua kuchagua.

Nimeandika maneno kama alivyoyasema. Nimeyapigia mstari na rula ya Muema.

Jumapili, 17 Agosti

Tumerudi Machakos. Bartholomew amepiga simu, amempeleka kuku kwa mama yake, na huko kuku ametaga yai. Ann ameosha bafu mara nne, Muindi ndiye amesema.

Njiani Nthenya alikuwa anaeleza kwamba Mumo hana shida na hoteli yoyote, mradi kuna kuku wa kula naye. Watoto huongea ovyo. Nimemwambia ni kazi ya maswali kumi na moja, na mazoezi ya Jumatano, na mama anayejua kuchagua. Baba Muema alikohoa.

Leo baada ya kanisa akina mama wa kikundi chetu wamenizunguka. Habari imefika! Desemba wanataka kupeleka watoto thelathini Mombasa, kwa bustani ya michezo iko na mamba. Wameuliza kama naweza kuwachagulia hoteli. Nimewaambia wasiwe na wasiwasi hata kidogo. Mwenye hoteli namjua. Ametualika sisi sote, kwa jina.

Nitapiga simu kesho, nikiwa na viatu.

Saa hii Susu amepiga kutoka Kola. Amesikia. Anauliza hao watu wa Mombasa ni wengi kiasi gani, na kama wanapenda mbuzi mweupe ama wa madoadoa.