Mnyonya Damu wa Rubondo Aenda Kuposa

Jumatatu, 5 Agosti 2013
Nimekamilisha tamthilia. Kurasa arobaini na moja, wino wa bluu. Muhtasari: mnyonya damu mwenye umri wa miaka mia nne anafika hapa kambini kwetu Rubondo na kumtambua msichana wa miaka kumi na tisa kuwa ndiye marehemu mkewe, aliyerejea duniani kwa mwili mwingine. Anamjulisha hivyo. Msichana anampenda papo hapo. Mnyonya damu nitakuwa mimi, kwa kuwa hakuna mwingine hapa mwenye shahada (daraja la pili la juu). Msichana atakuwa Eliane, anayepima malaria kwenye kituo cha afya. Lengo halisi, ambalo naliandika humu tu: nataka kumwoa Eliane. Tangu nirudi kutoka chuo kikuu Mbarara nimemsalimu mara kumi na nne. Hujibu vizuri, ila kwa ufupi. Tamthilia itamzoesha kunikubali. Onyesho ni Jumamosi.

Jumanne, 6 Agosti
Mchungaji Nehemiya, mjomba wa Eliane, ametupatia kanisa kwa masharti matatu. Onyesho lianze saa nane mchana. Mnyonya damu aokoke kabla ya mwisho. Na asimng'ate binti shingoni, bali kwenye mkono wa sweta. Nilimfafanulia kwa heshima zote kwamba kiumbe huyo huungua akipigwa na jua. Akasema aje na mwavuli. Nimeazima mwavuli.

Jumatano, 7 Agosti
Eliane amesoma kurasa zote, kati ya mgonjwa na mgonjwa! Aliuliza inakuwaje msichana ampende mtu ukurasa wa sita ilhali wamekutana ukurasa wa tano. Nikajibu kwamba pendo hilo ni la kale. Akasema kale hiyo anaikumbuka mwanamume peke yake. Akauliza tena kwa nini mwanamume ana miaka mia nne, nyumba ya ghorofa, elimu, na macho ya kulaza watu usingizi, na msichana ana dumu la maji tu. Nilimweleza kuwa dumu ni ishara. Akataka kujua msichana anasema nini. Tukahesabu pamoja: "Ndiyo, bwana" mara tisa, na yowe moja.

Kisha, akivaa glavu, alisema: "Ndugu Nestor, hata siye kwa kituo tunaulizaka mutu mbele ya kumutoboa kidole."

Ameniita ndugu! Maendeleo makubwa. Maoni yake nimeyazingatia kikamilifu: sasa msichana atasema "Ndiyo, mpenzi".

Alhamisi, 8 Agosti
Tatizo. Pacifique, yule anayechaji simu za watu kijijini Misiera, ameomba kushiriki. Humchekesha Eliane bila shahada yoyote. Nikampa nafasi ya ng'ombe. Alikubali upesi mno. Kumbe ng'ombe ni wa msichana, na kila msichana anapokwenda, naye yupo nyuma yake, akitafuna. Katika mazoezi Eliane alimcheka hadi akaketi chini. Nilipotoa hotuba yangu kuhusu upweke wa karne nne (kurasa nne), alipiga miayo. Nimeridhika: nguvu za macho zimeanza kufanya kazi. Ng'ombe sasa anakufa mapema.

Ijumaa, 9 Agosti
Tukio la posa katika tamthilia lilikosa uhalisia. Nikamwendea Mzee Kabera, msemaji wa posa anayetegemewa na kanda nzima. Aliuliza watu wa mchumba wako wapi. Nikamjibu kwamba wamekufa. Wote? Wote, tangu enzi hizo. Alisikitika, akanipa pole. Halafu akauliza kama ng'ombe waliotolewa kwa mke wa kwanza bado wanahesabika, iwapo mke ni yule yule ila amezaliwa nyumba nyingine. Sikuwa nimelifikiria. Aliwaita wazee watano. Walibishana mpaka saa kumi. Watatu walisema wanahesabika, wawili wakasema kila nyumba ina haki yake. Nilimkumbusha kuwa ni mchezo tu. Akasema hajawahi kuposa kwa mchezo na hawezi kuanza akiwa na miaka sabini.

Hapo nikang'amua! Msemaji wa kweli, wazee wa kweli, mjomba wa kweli, bibi arusi wa kweli. Wakikubaliana kesho mbele ya kanisa, nitakuwa mchumba wa Eliane kabla yeye mwenyewe hajasumbuliwa na jambo hilo. Nimenunua kreti ya soda.

Jumamosi, 10 Agosti
Jua kali ajabu. Joho langu la turubai lilinipika. Meno nilichonga kwa muhogo mkavu, moja nimelimeza. Kanisa limejaa. Ng'ombe alikufa, watu wakadai afufuke, akafufuka mara mbili.

Ikafika posa. Mzee Kabera alisema maneno matamu hata mimi nikatamani kujioa. Mchungaji Nehemiya, kwa upande wa binti, aliuliza mchumba alibatizwa wapi, na mtu wa miaka mia nne amekosaje mtoto hata mmoja. Kina mama wakaguna. Kisha, kama desturi inavyotaka, akamwita binti aulizwe kama anawajua wageni hawa. Nikamnong'oneza mchungaji kuwa hapo binti amelazwa kwa nguvu za macho na hana maneno. Akatangaza kwa sauti kwamba nyumbani kwake binti haposwi akiwa amelala.

Eliane alisimama, akajifunga kitenge vizuri, akanitazama chini ya mwavuli wangu.

"Aba bageni siwajue."

Mzee Kabera alishukuru, akavaa kofia, akatoka na wazee wake. Ujumbe wa posa hauketi baada ya jibu hilo. Mimi nilikuwa sehemu ya ujumbe, nikalazimika kutoka pia. Tulisimama nje. Ndani waliendelea na ng'ombe, na soda zangu zikagawiwa.

Baadaye nilimuuliza Eliane, faraghani, kama aliyejibu ni msichana wa tamthilia au ni yeye. Alinipa kikombe cha maji kwanza.

"Bote babili," akasema, kwa upole.

Ijumaa, 16 Agosti
Nimefanya tathmini ya kitaalamu. Chanzo cha kushindwa ni umri: miaka mia nne ni michache, haitoi uzito. Sasa mnyonya damu anayo mia saba. Wazee nimewaondoa. Swali kwa binti nimeliondoa. Binti mwenyewe sasa ni bubu, jambo linalompa fumbo.

Muswada huo mpya niliuacha Mbarara Jumanne kwa mpiga chapa aitwaye Perpétue. Leo nimepitia mji mdogo wa Rwekubo, nikapanda gari kwenda kuuchukua. Perpétue ana vidole vyepesi na shingo ndefu. Niliinama juu ya meza yake, nikashusha sauti, nikamwambia nahisi mimi na yeye tuliwahi kuonana.

Hakuinua macho kutoka kwenye mashine. Alisema ndiyo, Jumanne.

Anakumbuka! Eliane hakuwahi kukumbuka lolote. Kesho ninaanza sehemu ya pili.